Jino la Muda Juu ya Kipandikizi: Matatizo Yake ya Kawaida na Namna ya Kuyatatua

Mkazi wa Mvumi aliyepoteza jino la mbele, iwe kwa ajali ya pikipiki, kwa kuoza au kwa ugonjwa wa fizi, kwa miaka mingi alikuwa na njia mbili zilizo karibu naye: kukaa na pengo, au kuvaa jino la bandia la akriliki linalovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku. Njia ya tatu, ya kupandikizwa jino, sasa inapatikana katika hospitali kubwa na kliniki binafsi za mijini. Zahanati na vituo vya afya vya kata havitarajiwi kutoa huduma hiyo, kwa kuwa inahitaji upasuaji mdogo, picha za eksirei za taya na vifaa mahususi. Hata hivyo, mgonjwa hupandikizwa mjini kwa siku moja, kisha huishi na matokeo yake kijijini kwa miezi. Jino likilegea usiku wa Jumamosi, hulegea akiwa Mvumi, si mjini. Makala hii inawahusu wakazi waliokwisha kupandikizwa, wanaofikiria kupandikizwa, na ndugu zao wa nyumbani, ambao mara nyingi ndio huulizwa kwanza la kufanya.

Kipandikizi ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titani, inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kiungo, na juu ya kiungo hukaa taji, yaani ile sehemu ya jino inayoonekana. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, aligundua kwamba vyombo vyake vya titani vilikuwa vimeshikamana na mfupa hata havikuweza kutolewa. Mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Katika utaratibu wake wa awali, kipandikizi kilifunikwa chini ya ufizi na kuachwa bila kubebeshwa uzito wowote kwa miezi 3 katika taya la chini, na miezi 6 katika taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi muda huo umefupishwa kwa wagonjwa wengi, lakini sababu ya kungoja haijabadilika. Mfupa hushikamana na kitu kilichotulia. Kipandikizi kikitikiswa kwa zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita wakati mfupa unapojijenga, mwili hukizungushia utando laini badala ya mfupa, na hapo hakitashika tena; itabidi kitolewe na kazi ianze upya. Mfugaji anaelewa jambo hili bila kufundishwa: nguzo iliyosimikwa leo haifungiwi ng'ombe leo.

Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo linapowekwa jino la muda. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona, nayo ni kuziba pengo ili mtu aweze kuzungumza na kucheka bila kujificha. Ya pili haionekani kwa urahisi: jino hilo huulea ufizi upate umbo la kulipokea jino la kudumu. Kutafuna hakumo katika kazi hizo. Karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa chini lina mzizi wake katika kusahau jambo hili, na wanaolisahau si wagonjwa peke yao.

Aina za meno ya muda

Si kila jino la muda hukaa juu ya kipandikizi chenyewe. Daktari huamua siku ya upasuaji kwa kupima jinsi kipandikizi kilivyoukamata mfupa wakati wa kukikaza. Kikiwa kimekamata vizuri, anaweza kufunga taji la muda siku hiyo hiyo au baada ya siku chache. Kikiwa hakijakamata vya kutosha, hukifunika na kumpa mgonjwa jino la namna nyingine: la akriliki la kuvaa na kuvua, au lililobandikwa kwenye meno ya jirani, au lililo ndani ya kava jembamba la plastiki angavu linalovikwa juu ya meno. Mgonjwa asidhani kwamba amepunjwa akipewa la kuvaa na kuvua wakati mwenzake amefungiwa taji siku ileile. Mara nyingi daktari aliyemnyima taji ndiye aliyemwokolea kipandikizi.

Jino la kuvaa na kuvua lina tatizo moja kubwa. Sehemu yake ya chini hukaa juu ya kidonda, na uvimbe wa siku za mwanzo huifanya ikibane zaidi. Kila mgonjwa anapokaza meno, akriliki hubonyeza ufizi, na ufizi hubonyeza kipandikizi kilichomo chini yake. Daktari hulitatua hili kwa kuchimba upande wa chini wa jino ili lipite juu ya kidonda bila kukigusa, na baadaye hupaka tabaka laini mahali hapo. Mgonjwa aliyerudi nyumbani akaona jino linaacha alama nyekundu au kidonda juu ya mshono asingoje lizoeleke. Alivue, akae na pengo, na arudi likachimbwe tena. Kujikaza kisabuni, kama tulivyozoea kwa viatu vipya, hakufai hapa. Usiku jino la namna hii huvuliwa na kuwekwa katika chombo cha maji safi ya baridi. Maji ya moto huipinda akriliki.

Yanayotokea kwenye kiti cha daktari

Ni vyema mgonjwa ajue yale ambayo daktari anahangaika nayo anapofunga taji la muda, kwa kuwa akiyajua atajua la kuuliza kabla hajashuka kitini.

La kwanza ni taji kutokaa mpaka mwisho. Ufizi hujifunga upesi. Kizibo cha kipandikizi kikitolewa kwa muda mfupi tu, kingo zake huanza kuinamia ndani, na taji linapoingizwa hukwama juu yake. Wakati mwingine ni ukingo wa mfupa unaozuia. Kwa nje taji linaonekana limekaa, ila limebaki juu kwa upana wa unywele. Taji la namna hiyo hulegea ndani ya siku chache, na katika ule upenyo hujaa uchafu na vijidudu. Njia ya kuhakikisha ni picha ndogo ya eksirei, ambayo huonyesha mstari mweusi kati ya kiungo na kipandikizi pale vilipoachana. Uliza kwa adabu: "Daktari, limekaa mpaka chini? Tumepiga picha?" Swali hilo halimkasirishi daktari makini.

La pili ni mbano wa ufizi. Taji jipya linapoingia husukuma ufizi kando, na damu hukimbia mahali hapo. Vitabu husema ufizi hugeuka mweupe, lakini wengi wetu tuna fizi zenye rangi ya kahawia, hivyo weupe huo huonekana kama kufifia tu. Rangi inapaswa kurudi ndani ya takriban dakika 10. Isiporudi, taji ni nene mno pale linapougusa ufizi, na daktari hulitoa, hulipunguza na kuling'arisha tena. Akiliacha hivyo, ufizi unaweza kufa sehemu ile na kurudi nyuma, na pengo jeusi la ufizi uliorudi nyuma ni gumu kulificha hata kwa jino zuri la kudumu.

La tatu, na pengine kubwa kuliko yote, ni urefu wa jino. Daktari humwambia mgonjwa ang'ate karatasi nyembamba ya rangi ili aone meno yanagusana wapi. Kwa taji la muda lililowekwa mapema, jibu linalotakiwa ni kwamba lisiguse kabisa: si katika kufunga mdomo, si katika kusogeza taya mbele, wala pembeni. Tatizo ni kwamba mdomo ukiwa na ganzi mgonjwa hajui anang'ata vipi, na husema "sawa" ili aondoke. Ganzi ikiisha akiwa tayari yuko ndani ya basi, anagundua kwamba jino jipya ndilo linalotangulia kugusa. Kwa anayekaa mbali, ushauri wangu ni huu: usiondoke mjini siku hiyo kabla ganzi haijaisha. Kaa, unywe chai isiyo moto, kisha ung'ate taratibu mara kadhaa. Likitangulia kugusa, rudi likapunguzwe. Ni kazi ya dakika chache.

Tena yapo mataji yanayofungwa kwa skrubu na yanayobandikwa kwa saruji ya meno. La saruji halina tundu la skrubu, na pengine hupendeza zaidi. Lakini saruji iliyozidi huteremka chini ya ufizi mahali ambapo macho hayafiki, ikakaa kama kokoto ndani ya kiatu. Baada ya wiki au miezi, ufizi huvimba, hutoa damu ukiguswa na mswaki, hatimaye hutoa usaha, na mfupa unaozunguka kipandikizi huanza kuliwa. Madaktari hupunguza hatari hiyo kwa kupaka saruji kidogo sana, kwa kulibonyeza taji kwanza juu ya kiigizo nje ya kinywa ili saruji ya ziada itoke huko, na kwa kupiga picha baadaye. Kwa mkazi wa kijijini, skrubu ina faida moja iliyo wazi: likiharibika, taji hufunguliwa na kurekebishwa pasipo kukatwa. Ule mchanga mweupe unaotoka katika tundu la skrubu baada ya wiki kadhaa si mfupa, kama mama mmoja alivyoniletea kwa hofu akiwa ameufunga kwenye kitambaa. Ni kizibo cha juu kilichomomonyoka. Chini yake huwapo utepe mweupe, ndugu wa ule wanaoutumia mafundi bomba, unaolinda kichwa cha skrubu. Kizibo huwekwa upya bila ganzi wala maumivu.

Yanayotokea nyumbani

Jino kulegea ndiyo malalamiko ya kawaida zaidi, nayo yana maana mbili zilizo mbali sana. Yumkini ni skrubu ya taji tu iliyolegea: jino linacheza au kuzunguka kidogo, pengine linalia "tik" ukiligusa kwa ulimi, kuna ladha mbaya, na maumivu ni kidogo au hakuna. Hilo hutengenezwa kwa kulifungua, kulisafisha, kulikaza upya kwa kipimo, na kuitafuta sababu, ambayo mara nyingi ni lile jambo la urefu. Maana ya pili ni kwamba kipandikizi chenyewe kinatikisika ndani ya mfupa. Hapo huwa kuna maumivu mazito ya ndani unapobonyeza, na mara nyingine uvimbe. Mgonjwa hawezi kuzitofautisha kwa hakika kwa kidole chake, na asijaribu, kwa sababu kulitikisa jino ili kupima kama linatikisika ndiko kunakoweza kuikamilisha hasara. Kwa hali zote mbili hatua za nyumbani ni zilezile: acha kabisa kulitumia upande huo, kula vyakula laini, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mpigie simu aliyekupandikiza, na safari ifanyike ndani ya siku chache, si baada ya mavuno.

Jino likitoka lote, lioshe kwa maji safi, liweke katika kichupa au kikopo chenye kifuniko, na uandamane nalo, pamoja na skrubu yake ikiwa imetoka. Usilifunge kwenye karatasi laini ya chooni. Meno mengi yamefagiliwa na kutupwa kwa njia hiyo. Fanya haraka, maana ufizi uliokuwa umeshikiliwa na taji huanza kusinyaa na kufunika njia yake siku hiyohiyo. Anayefika kesho yake huenda akarudishiwa jino bila shida, na anayefika baada ya wiki mbili atahitaji ganzi na wembe.

Nasema hili kwa mkazo: jino lisirudishwe kwa supa gluu. Najua kishawishi chake. Gundi inauzwa dukani jirani, harusi ni kesho, na safari ni nauli. Lakini gundi ile hugandisha taji likiwa limekaa upande, huchoma ufizi, na huziba kichwa cha skrubu hata bisibisi ya daktari isiingie. Tatizo lililokuwa la dakika 15 hugeuka la kukata taji zima, na katika kulikata kipandikizi hutikiswa. Kwenda harusini na pengo ni aibu ya siku moja.

Taji la muda likivunjika au kumeguka, hali si mbaya kama inavyoonekana. Akriliki ni dhaifu kwa makusudi, hasa inapokuwa nyembamba kuzunguka tundu la skrubu, na afadhali ivunjike yenyewe kuliko kuupeleka mshindo mfupani. Huongezewa nyenzo na kung'arishwa, ama hutengenezwa jingine. Likivunjika mara mbili, daktari atafute sababu: pengine mgonjwa husaga meno usiku, jambo ambalo mwenza wa chumbani hulijua kabla yake, na linatatuliwa kwa kava la kuvaa wakati wa kulala. Sababu nyingine tunazijua sote: mahindi ya kuchoma, muwa, mishikaki, mfupa wa kuku wa kienyeji, embe bichi, na ufunguzi wa soda kwa meno. Ugali laini, wali, maharage, ndizi na samaki aliyetolewa miba havina shida, mradi tonge lipelekwe upande mwingine na nyama ikatwe vipande vidogo kwa kisu.

Usafi usiachwe kwa kuogopa. Jino la muda lina uso wenye vitundu vidogo unaovuta uchafu na harufu kuliko jino la kudumu. Baada ya zile siku za mwanzo ambazo daktari amezuia, lipigwe mswaki laini asubuhi na usiku, hasa pale linapokutana na ufizi. Mswaki wa mti unafaa kwa meno mengine, ila ncha yake ngumu isikaribie mshono. Sigara na ugoro huchelewesha kupona na huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa kushika. Mwenye kisukari amweleze daktari kabla ya upasuaji, na aendelee kuhudhuria kliniki yake ya sukari wakati wote wa kungoja.

Yapo mambo yasiyongoja simu wala Jumatatu. Mtu akiingiwa na jino hewani, akawa anakohoa mfululizo au anapumua kwa mlio, apelekwe hospitali mara moja, hata kikohozi kikitulia baadaye, kwa kuwa jino linaweza kuwa limetua ndani ya mapafu. Uvimbe unaoshuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, na damu isiyokoma baada ya kung'ata kitambaa safi kwa dakika 30, vyote ni vya dharura. Hapo usimtafute kwanza aliyekupandikiza. Nenda Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au kituo cha afya kilicho karibu. Kuzuia maambukizi na kutoa rufaa hakuhitaji bisibisi ya kipandikizi.

Karatasi unayopaswa kurudi nayo

Bisibisi hiyo inatuleta kwenye jambo ambalo limewatesa wagonjwa wengi pasipo sababu. Vipandikizi hutengenezwa na kampuni nyingi duniani, na skrubu ya kampuni moja haiingii katika kipandikizi cha nyingine. Mgonjwa anapofika kwa daktari mwingine na jino lililolegea, swali la kwanza ni "kipandikizi cha aina gani?" na jibu la kawaida ni "alichoniwekea kule mjini." Kabla ya kuondoka kliniki, dai karatasi iliyoandikwa jina la kampuni, aina na ukubwa wa kipandikizi, tarehe ya kupandikizwa, nambari ya jino, na kama taji limefungwa kwa skrubu au saruji. Vipandikizi huja na vibandiko vyenye maelezo hayo, kwa hiyo kuvibandika kwenye kadi yako si kazi kubwa. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu na umtumie ndugu mmoja, maana simu nazo hupotea.

Karatasi ya pili ni ya gharama. Kipandikizi, jino la muda na jino la kudumu mara nyingi hutozwa kwa nyakati tofauti, na mgonjwa huuza gunia za mpunga kulipia la kwanza bila kujua kwamba la mwisho linakuja na bei yake. Matokeo yake ni watu wanaoishi na jino la muda mwaka wa pili na wa tatu. Akriliki huchakaa, hubadilika rangi, hunuka, na skrubu ya muda huchoka. Jumla ya gharama, pamoja na nauli za safari zote, ijulikane kwa maandishi kabla ya sindano ya kwanza, na mwenye bima aulize mapema nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Kwa maoni yangu, asiye na uhakika wa kulimaliza tendo lote afadhali achague jino zuri la kuvaa na kuvua, ambalo si la kuonewa haya, kuliko kuanza kipandikizi na kukiacha njiani.

Hesabu ya muda nayo ipangwe na kalenda yetu. Anayepandikizwa Desemba atatakiwa kurudi kwa vipimo kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, ambapo barabara za wilaya hii huwa na mambo yake. Anayepandikizwa Juni, baada ya mavuno, huangukia marudio yake kiangazi, na anaweza kwenda kwa njia ya Dumila hadi Morogoro, au kupanda treni Kilosa, akarudi pasipo kulala njiani.